Vijiti vya asumini vinaoza au havishiki: pima joto la mizizi kabla ya kulaumu maji

Kila kaskazi ikianza kuvuma, naletewa makopo. Jirani mmoja huja na kopo la rangi lenye vijiti vitano vya asumini, mwengine na mfuko mweusi wa kitalu wenye mwaridi ulionyauka, na swali huwa lile lile: "Khalati, mbona vyangu havishiki?" Kabla sijajibu, mwenyewe ameshajihukumu. Maji yalikuwa machache, au yalizidi, au mkono wake haukuumbiwa kupanda. Mimi huchomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ikiwa ni saa tisa mchana, mara nyingi kidole chenyewe hutaka kutoka.

Kijiti hakina pa kutokea. Kimekaa humo tangu asubuhi, na kesho kitakaa tena.

Naandika haya Mkomani, Lamu, katika nyumba ya mawe yenye kiwanda kidogo, yaani uwa wa ndani, hatua sita kwa nane. Nitazungumza zaidi juu ya asumini, kwa sababu ndiyo inayoombwa: kwa vikuba, yaani vishada vya maua ya kunukia wanavyovaa wanawake, kwa maharusi, kwa Maulidi ya mfungo sita. Mwaridi, bogenvilia na mrehani nitaigusa pale inapotofautiana.

Joto kiasi gani?

Kijiti kilichokatwa kinaishi kwa akiba iliyomo ndani ya mti wake na kwa maji kidogo yanayopanda kupitia jeraha. Ili kishike, chembe zilizo karibu na kifundo cha chini, pale jani linapoungana na tawi, huacha kazi yao ya zamani na kuanza kujenga mzizi. Kazi hiyo huendeshwa na joto. Udongo ukiwa chini ya nyuzi 18 za Selsiasi, inakwenda kwa kujivuta. Kati ya 21 na 25 mimea mingi hushika vizuri. Ile iliyozoea joto, kama asumini na bogenvilia, hupenda juu kidogo, 24 hadi 28. Mwaridi unataka baridi kuliko yote hiyo. Ukiupa 20 hadi 24 unashukuru.

Ukivuka 30, mambo mawili yanakuja pamoja. Kijiti kinakula akiba yake upesi kuliko kinavyojenga, na maji yaliyo udongoni yanabeba oksijeni kidogo. Maji safi ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubeba kama 7.5, na ya 35 hayafiki 7. Yaani wakati kijiti kinapohitaji kuvuta pumzi nyingi zaidi ndipo hewa inapopungua. Mwenye kuona vijiti vimeoza husema maji yalikuwa mengi. Yalikuwa mengi, ndiyo, lakini kiasi kile kile cha maji mwezi wa saba kisingeviua.

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu vijiti umeandikwa kwa watu wenye vyumba vya nyuzi 15, wanaotandika mkeka wa umeme chini ya trei ili mizizi ipate joto kuliko majani. Kwao ni sawa kabisa. Ukiufuata Lamu mwezi wa tatu, umeteleka chungu. Hapa hewa ya mchana mwezi huo hufika 32 hivi na usiku haishuki sana chini ya 25. Mwezi wa saba na wa nane, kusi ikivuma, mchana huwa 28 hivi na usiku 23. Sisi joto tunalo tayari. Kazi yetu ni kulizuia lisijikusanye kwenye kopo.

Pima pale penyewe

Joto la hewa halitakusaidia sana. Unachotaka kujua ni joto la pale kijiti kilipoishia, sentimita nne au tano chini ya uso wa udongo. Mfuko mweusi uliopigwa na jua la alasiri unaweza kupita nyuzi 40 upande mmoja huku hewa iko 31. Kipimajoto cha jikoni chenye sindano kinatosha, au kile cha kioo kinachotumiwa kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Kipimajoto cha homa hakikutengenezwa kwa kazi hii, maana vingi huanza kusoma kwenye 32 au 35. Lakini kama ndicho pekee ulicho nacho, kitakupa habari moja kubwa: kikionyesha namba yoyote, udongo umeshapita mpaka. Kikishaingia udongoni kibaki cha bustani, kisirudi kwa watoto.

Pima mara mbili kwa siku, kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, kisha alfajiri kabla jua halijatoka. Hizi namba mbili zikikaa pamoja ndizo zinazosema. Alasiri 35 na alfajiri 25: jua linapiga kopo, lihamishe. Alasiri 31 na alfajiri bado 29: jua halina kosa, mahali pana joto lake. Angalia nyuma ya kopo kuna nini. Ukuta wa mawe unaotazama magharibi hunywa jua alasiri nzima na kulitapika usiku. Sakafu ya darini vivyo hivyo. Na mara moja nilimkuta mtu amepanga makopo yake, kwa nia njema, juu ya lundo la samadi ya punda ambayo haijaiva. Lamu samadi ya punda haina tabu kupatikana, na ikiva ni mali. Ikiwa mbichi inachemka kwa ndani. Alfajiri ile, kabla ya jua, makopo yalikuwa na uvuguvugu kama chai iliyosahauliwa.

Tukishajua namba, twende kwenye dalili.

Mwisho wa chini ni mweusi, laini, na unanuka

Hii ndiyo inayoua vijiti vingi kuliko zote, na hutokea kati ya siku ya tano na ya kumi. Juu majani bado ni mabichi, mtu anafurahi, kumbe chini kumeshaharibika. Ukivuta kijiti, ganda linabaki udongoni na uti unatoka mkononi.

Vinavyooza hivi vimeingiliwa na vimelea, mara nyingi Pythium, ambavyo huogelea kwenye maji ya udongo na kuingia kupitia jeraha. Viko karibu kila bustani, na kuna aina yake, Pythium aphanidermatum, inayonawiri hasa joto likizidi 30. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa ya ukungu, jiulize ni nini kilichovifungulia mlango.

Sababu ya kwanza ni jua juu ya kopo, na hiyo tumeshaitaja. Ya pili watu hawaifikirii: maji yenyewe ni ya moto. Tangi jeusi la plastiki likikaa darini, maji ya saa nane mchana yanatoka kama ya kuogea mzazi. Hili nimelijua kwa uchungu. Mwasumini wa mama yangu, uliokuwa kiwandani tangu mimi ni msichana, ulianza kukauka tawi baada ya tawi. Nikakata vijiti arobaini ili nisiipoteze ile mbegu. Nilivipanga vizuri kivulini, nikachanganya mchanga vizuri, na kila siku baada ya sala ya alasiri nikavimwagilia kwa mpira uliounganishwa na tangi la juu. Siku ya tisa nilivuta cha kwanza kikatoka cheusi. Nikavuta cha pili. Nilipofika cha kumi nilikaa chini. Vilivyosalia ni sita, vyote vya safu ya mwisho ukutani, pale mpira ulipokuwa haufiki na nilikuwa nikivimwagilia kwa kata kutoka kwenye mtungi. Siku iliyofuata nilitia kipimajoto kwenye maji ya mpira: 41. Ya mtungi yalikuwa 26.

Mwasumini ulioko kiwandani sasa umetoka kwa vile sita. Tangu siku hiyo maji ya vijiti nayateka alfajiri na kuyaacha mtungini, nikimwagilia kabla jua halijapanda.

Sababu ya tatu ni udongo ulioshikana. Udongo wa bustani mtupu ndani ya kopo hugeuka tope, na tope la moto halina hewa hata chembe. Tumia mchanga wa ujenzi uliooshwa mpaka maji yawe meupe, uchanganye nusu kwa nusu na vumbi la makumbi. Tafadhali usiende kuchota mchanga kwenye vilima vya Shela. Vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya visima vya mji wetu, na kila gunia linalotoka pale linatoka kwenye kinywa cha mtu.

Vijiti vilivyoanza kuoza vinaokoleka kama bado ni vigumu juu. Kata juu ya weusi, na uendelee kukata mpaka uone ndani ni kijani na nyeupe bila mstari wa kahawia. Mchanga wa zamani umwage. Kopo lioshe kwa klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, liloweke dakika kumi, kisha lisuuze. Mchanga mpya umwagie maji yaliyochemka na uuache upoe kabisa, usiku kucha ni bora, ndipo upande tena.

Kisha badili chombo. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi hutoa jasho, na jasho hilo ndilo linalopoza, kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Chukua chungu kidogo, kitie ndani ya kikubwa, jaza mchanga kati yao, na huo mchanga wa kati uwe na unyevu daima. Kwangu, alasiri moja ya mwezi wa pili, kijiti kilichokuwa ndani ya vyungu viwili kilikaa kwenye 27 na kile cha kopo la bati kando yake kilikuwa 34, kivuli kimoja, mchanga mmoja. Usitarajie 21. Pwani hewa ina unyevu mwingi, na chungu hakiwezi kupoa kupita pale hewa inaporuhusu. Kiweke panapopita upepo, maana jasho bila upepo halipozi.

Majani yamekuwa kama yaliyochemshwa, ndani ya siku moja au mbili

Yanakuwa rangi ya mchicha uliopikwa, yanapitisha mwanga, yanalegea yote kwa pamoja. Umefunika vijiti kwa mfuko wa nailoni ukaviacha jua lifike, hata kwa saa moja. Hakuna dawa. Anza upya, na kifuniko kikae mahali ambapo jua halifiki saa yoyote ya mchana, kikifunguliwa kila asubuhi.

Mchana yanalegea, usiku yanasimama

Hapa watu hukimbilia maji, na ndipo wanapoviua. Gusa udongo kwanza. Ukiwa baridi na wenye unyevu, kijiti hakina kiu ya udongo. Majani yanapoteza maji upesi kuliko jeraha linavyoweza kuyapandisha. Punguza majani: kijiti cha urefu wa kiganja kibaki na mawili ya juu, na kama ni makubwa, yakate nusu kwa mkasi. Kikinge na upepo wa moja kwa moja wa kaskazi, ambao mwezi wa kwanza na wa pili hukausha hata nguo nzito kabla ya adhuhuri. Unaweza kutandaza kitambaa kibichi cha pamba juu ya fremu ya vijiti vya kuti, kisiguse majani.

Ukikuta udongo ni wa moto, kulegea huko ni onyo la ugonjwa wa kwanza. Chomoa kijiti kimoja utazame chini leo, kabla ya kesho.

Kimechipua majani mapya, kisha kikafa wiki ya tatu

Dalili hii inavunja moyo kuliko nyingine, kwa kuwa mtu ameshawaambia watu. Vichipukizi viwili vya kijani kibichi, pengine hata kitumba cha ua, na siku kumi baadaye vyote vimekauka. Kuchipua hakumaanishi kijiti kimeshika. Macho ya juu yanafunguka kwa joto la hewa na akiba ya mti. Mizizi ilikuwa bado. Majani mapya yakaomba maji, na chini hapakuwa na wa kuyaleta.

Wale wenye mikeka ya umeme wanatafuta kitu kimoja, mizizi itangulie majani. Sisi tunakitafuta kwa njia yetu. Juu papate kivuli na upepo, chini pawe na utulivu wa 25 au 27 usiopanda na kushuka. Kata kijiti kwenye tawi ambalo limekomaa nusu, linalopindika kidogo kabla ya kuvunjika na ganda lake limeanza kuacha ujani. Tawi laini la juu kabisa lina haraka ya kuchipua na akiba ndogo. Ondoa vitumba vyote vya maua siku ya kukata, hata kama roho inakuuma. Mwasumini unaweza kutoa ua zuri sana na kufa nalo.

Utajua kijiti kimeshika kwa kukivuta taratibu sana, kwa vidole viwili, baada ya wiki nne. Kikikataa kutoka, kuna kitu kimekishikilia. Usivute kila siku, maana mizizi ya mwanzo ni laini na hukatika bila kutoa sauti.

Wiki sita, majani mabichi, chini hakuna kitu

Chomoa utazame. Ukiona pale ulipokata pamefura kovu jeupe lenye chembechembe, kijiti ni kizima na kinafanya kazi, ila polepole. Kwa asumini mizizi huja kati ya wiki nne na sita. Bogenvilia inaweza kufika nane. Kirudishe, subiri.

Lakini angalia na namba. Kwa Lamu ni nadra udongo kuwa baridi mno, ila nimeuona ukifika 21 na 22 alfajiri za mwezi wa nane, kwenye vyungu viwili vilivyowekwa mlangoni pa upepo wa kusi na kumwagiliwa asubuhi na jioni. Asumini ilivumilia, bogenvilia ilisimama. Acha kulowesha mchanga wa kati kwa siku chache, kisogeze chungu mbali na upepo, na joto linarudi lenyewe.

Kama namba ni nzuri na bado hakuna kovu, tazama ulipokata. Mzizi wa vijiti hivi hupenda kutoka karibu na kifundo, kwa hiyo kata milimita chache chini ya kifundo, kwa kisu kikali, si mkasi unaobana. Unga wa homoni ya mizizi unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo husaidia, zaidi kwa bogenvilia. Gusisha tu ncha na ukung'ute. Ukizidi, unaunguza. Na pakiti usiihifadhi darini. Nayo haipendi joto.

Mizizi imetoka upande mmoja tu

Hii napenda kuionyesha kwa watoto, kwa sababu mmea umeandika historia yake wenyewe. Ukitoa bonge la udongo kwenye mfuko, upande mmoja una mizizi myeupe imejaa hadi pembeni. Upande wa pili hauna kitu, au una ncha za kahawia zilizosinyaa. Rudisha mfuko ulipokuwa umesimama, na upande uliokufa utautazama mlango wa magharibi au ukuta uliopigwa na jua. Mizizi ilifika pale, ikaungua, ikarudi.

Mche hauhitaji kutupwa. Zungushia mfuko gunia kuukuu lenye unyevu, au uzike mfuko wenyewe kwenye sanduku la mchanga hadi shingoni. Mifuko ikisimama imebanana, ile ya ndani hukingwa na ile ya nje, kwa hiyo safu ya nje iwe ya mifuko yenye mchanga mtupu. Kopo la rangi lipake chokaa kwa nje. Nyeupe hurudisha jua, na kopo moja la chokaa lililobaki baada ya kupaka ukuta linatosha makopo ya mwaka mzima.

Ncha za majani zimeungua, lakini udongo ni baridi

Usiilazimishe kila dalili iwe ya joto. Ncha na kingo zikiwa kahawia huku namba zako ni nzuri, onja maji. Visima vya karibu na bahari huingia chumvi, hasa mwisho wa kiangazi. Halafu yaulize yale makumbi yalitoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa pwani ili kutengeneza usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba, yamelala kwenye maji ya bahari miezi kadhaa, na vumbi lake limejaa chumvi. Liloweke kwa maji matamu, likamue, na urudie mara tatu au nne kwa siku tofauti. Maji ya mvua ya masika niliyoyakinga ndiyo ninayoyapenda kwa kazi hii.

Rehani kwenye glasi ya maji imeshika utelezi

Mrehani ni rahisi, hutoa mizizi ndani ya siku saba hadi kumi kwenye maji matupu, na ndiyo maana watu huufanyia uzembe. Shina likianza kuteleza na maji yakawa na ukungu, maji yameshika joto na oksijeni imekwisha. Badilisha kila asubuhi kwa maji ya mtungi. Tumia kikombe kisichopitisha mwanga, kwa sababu mwanga na joto huleta ukijani wa majini. Kiweke kwenye kidaka cha ukuta wa ndani, pale ambapo mawe hayaguswi na jua. Mchana wa mwezi wa pili vidaka vyangu vya ndani viko 27 au 28, na mrehani unaridhika.

Kama uko Malindi

Vijiti ni vile vile, ila nyumba si zile zile. Lamu tuna kuta nene na vichochoro vyembamba, na kivuli hatukinunui. Malindi nyua ni pana, mchanga ni mwingi, na vijiti vingi vinakaa chini ya bati au kwenye uwanja wazi kando ya ua la bogenvilia. Bati hutoa kivuli cha macho tu. Chini yake mchana pana joto kuliko chini ya mwembe, na kama halina nafasi ya upepo juu ya kichwa chako, vijiti vinapigwa kutoka juu. Kibanda cha makuti ni bora mara kumi. Kama huna, mwembe au mkungu unatosha.

Kipimo changu cha mwanga ni hiki: pawe mahali unapoweza kusoma msahafu saa sita mchana bila kuwasha taa, na jua lisiguse ukurasa. Penye giza kuliko hapo kijiti hakitengenezi chakula, na penye mwanga zaidi ya hapo mchanga unaanza kupanda joto.

Na usiweke vyombo moja kwa moja juu ya saruji au mchanga mkavu wa uwanjani. Saa nane mtu hawezi kuukanyaga bila viatu, na sehemu ya chini ya kopo ndipo kijiti kilipo. Ubao wa magogo mawili, kimo cha shibiri moja, upepo upite chini. Kwa siku hiyo hiyo utaona tofauti kwenye kipimajoto.

Lini uanze

Kwa asumini na bogenvilia nakata baada ya mvua kubwa za mwezi wa tano kupungua, na naendelea hadi mwezi wa tisa. Hewa imepoa, kusi inavuma, na mti mama una nguvu ya mvua. Mwaridi nakata mwezi wa saba na wa nane peke yake. Anayeniomba vijiti vya mwaridi mwezi wa tatu namkatalia, hata akiwa ndugu, kwa sababu nampa kilio.

Anayetaka maua kwa Maulidi akumbuke kwamba mwezi wa mfungo sita hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya Januari hadi Desemba, kwa hiyo mahesabu ya mwaka jana hayafai mwaka huu. Kijiti cha leo nisingekitegemea kwa kikuba kabla ya mwaka.

Kimeshika koponi, kimekufa ardhini

Mzizi uliozoea 26 ukitiwa kwenye mchanga wa 38, unaungua siku ile ile. Kabla ya kuhamisha, zoesha mche siku kumi kwa jua la asubuhi tu, hadi saa tatu. Chimba shimo jioni, lijaze maji ya mtungi, yakishanyonywa ndipo upande. Kisha funika ardhi kuzunguka shina kwa makumbi au kuti lililokatwakatwa, unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi ya kidole kimoja isiguse shina. Siku ya kwanza na ya pili, alasiri, ingiza kipimajoto chini ya makumbi hayo. Kikisoma zaidi ya 30, simamisha kuti zima upande wa magharibi na uliache hapo wiki mbili.